Nilinunua kiwanja cha urithi, sasa dada zake muuzaji wamenizuia kujenga

Shikamoo mama wakili.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, nalea watoto wawili peke yangu. Desemba 2021 tulivunja kikoba chetu, nikachanganya na akiba yangu ya miaka mingi, na Januari 2022 nikanunua kiwanja upande wa Chanika, Dar es Salaam. Dalali ndiye aliyenipeleka. Lilikuwa eneo la familia, pana, kama ekari moja hivi, lina minazi na mwembe mkubwa katikati. Muuzaji ni kaka wa makamo, mpole kweli, hata dafu aliniangulia. Aliniambia eneo ni la marehemu baba yao, yeye ndiye mtoto mkubwa na wa kiume peke yake, wadogo zake watatu wote wanawake, wameolewa na hawana shida na ardhi. Mama yao yuko Mkuranga, naye ameridhia.

Tulikubaliana milioni 6 na nusu. Nikampa milioni 4 taslimu na iliyobaki nikamtumia kwa simu baada ya wiki mbili. Dalali alipima kwa hatua, tukachomeka vigingi, tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akatoa mkataba uliokwisha chapwa, wa kujaza tu. Naunukuu ulivyo: "Mimi (jina) nikiwa na akili zangu timamu na bila kushawishiwa na mtu yeyote nimemuuzia ndugu (jina langu) eneo langu nililorithi kwa marehemu baba yangu lenye ukubwa wa 20 kwa 20 kwa shilingi 6,500,000/=. Kuanzia leo sina madai yoyote." Tukasaini, shahidi wake alikuwa dalali, shahidi wangu jirani yangu wa kibandani, mwenyekiti akagonga mhuri. Alichukua asilimia 10, yaani 650,000, risiti hakunipa.

Mwaka uliofuata nikajenga msingi. Nikachimba shimo la choo. Mwaka huu nimenunua tofali 1,400, nikazipanga pembeni ya msingi nisubiri hela ya fundi. Siku moja nafika kuzimwagia maji nakuta ukuta wa msingi umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: USIJENGE. MIRATHI. Mama, nilikaa juu ya ndoo nikalia.

Jioni nikapigiwa simu na mdogo wake muuzaji, yule anayemfuatia. Hakunitukana. Aliniita dada, akasema hana ugomvi na mimi, ila baba yao alifariki 2015, mirathi haijafunguliwa mpaka leo, mama yao hajui chochote kuhusu kuuza, na kaka yao ameshauza vipande vitatu, changu kikiwemo. Wameitisha kikao cha ukoo Jumapili ya wiki ijayo na amenikaribisha nije nisikilize. Nilipompigia kaka mtu alipokea mara moja tu, akasema, "Wewe endelea kujenga, hao ni wanawake, nitaongea nao." Toka siku hiyo hapokei.

Kila mtu ana lake. Jirani anasema nipandishe haraka mpaka lenta, nyumba ikishasimama hakuna wa kuibomoa. Mwenzangu wa kikoba anasema nikamfungulie kesi polisi akamatwe. Mwenyekiti wa mtaa anasema mhuri wake unatosha, nisiwasikilize. Na mimi nimechoka, nataka kujua tu: kiwanja ni changu au si changu? Na niende kwenye hicho kikao?

Mwenye msingi, Chanika

* * *

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na swali gumu, kwa sababu ukilijua jibu lake mengine yote utayapanga vizuri. Kwa leo, kiwanja si chako. Sisemi hakiwezi kuwa chako. Ila karatasi uliyonayo haijakupa umiliki, na aliyesababisha hivyo si wewe wala dada zake muuzaji.

Rudi kwenye huo mkataba ulioninukulia. Watu wengi wakiusoma macho yao yanaishia kwenye bei na mhuri. Mimi nimesimama kwenye maneno matatu: "eneo langu nililorithi". Milioni zote sita na nusu zimekaa juu ya maneno hayo, na maneno hayo hayakuwa kweli. Baba alifariki 2015, mirathi haijafunguliwa. Kwa hiyo Januari 2022 huyo kaka hakuwa amerithi kitu. Alikuwa mmoja wa watu wanaotarajia kurithi. Mali ya marehemu ambayo haijagawanywa inashikwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na huyo ndiye mwenye mamlaka ya kuuza au kugawa. Kuwa mtoto wa kwanza si uteuzi. Kuwa wa kiume pia si uteuzi, hata kama mtaani kwenu mnaishi kana kwamba ndivyo.

Mahakama zetu zimelisema hili mara nyingi mno. Upo uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1992 ambao sisi mawakili tunaunukuu mpaka leo: asiye na haki juu ya ardhi hawezi kumpa mwingine haki hiyo. Huwezi kumimina maji kwenye kikombe kutoka kwenye jagi tupu.

Najua utasema, "Lakini mimi nilinunua kwa nia njema." Naamini. Sheria inamtambua mnunuzi wa nia njema, yule aliyelipa thamani halali bila kujua wala kuwa na sababu ya kujua kwamba kuna haki ya mtu mwingine. Shida yako ni kwamba mkataba wako wenyewe umeandikwa neno urithi. Ukishaona neno urithi ulitakiwa uulize swali moja tu: msimamizi ni nani, naomba nione barua yake ya uteuzi kutoka mahakamani. Wakili wa upande wa pili atakuuliza swali hilo kwenye dakika ya kwanza. Sikulaumu mwanangu; hata dalali na mwenyekiti, ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, hawakuliuliza.

Na huyo mwenyekiti. Mhuri wa serikali ya mtaa una kazi yake: unaonyesha kwamba siku fulani watu fulani walikaa mbele yake wakasaini. Ni ushahidi, tena mzuri, uutunze. Lakini hauwezi kumpa muuzaji umiliki ambao hakuwa nao, hata ukigongwa mara kumi. Na ile asilimia 10? Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijaona kifungu cha sheria kinachomtaka mnunuzi wa kiwanja amlipe mwenyekiti sehemu ya bei ya mauziano. Ni desturi iliyogeuzwa kuwa ada. Laki sita na nusu bila risiti! Andika kwenye daftari lako tarehe uliyompa na nani alikuwepo.

Kuna jambo jingine dogo limenikera kwenye huo mkataba. "20 kwa 20." Ya nini? Mita au hatua? Umesema dalali alipima kwa hatua. Hatua za dalali mrefu na za dalali mfupi haziwezi kuwa sawa, na kiwanja ambacho hakijapimwa kina mipaka ya vigingi tu, ambavyo mtu yeyote anaweza kuving'oa usiku. Mkataba wako hautaji hata majirani wa mashariki na magharibi. Kwa hiyo hata kama kaka angekuwa na mamlaka yote, bado tungekuwa na ugomvi wa wapi kiwanja kinaishia. Kabla ya hiyo Jumapili nenda na mtu mwenye tepu, pima toka kigingi hadi kigingi, andika mita, piga picha zinazoonyesha mwembe na nyumba za jirani.

Sasa ushauri wa marafiki na majirani. Wa kupandisha mpaka lenta ni mbaya kuliko yote. Mnunuzi aliyejenga bila kujua ana cha kuomba: anaweza kuomba afidiwe maendelezo aliyofanya kwa imani. Lakini toka siku ile rangi nyekundu iliposomeka kwenye msingi wako na simu ya yule dada ikapokelewa, unajua. Tofali utakayopandisha kesho umeipandisha ukijua kuna mgogoro, na gharama yake itakuwa juu yako. Msingi na choo unaweza kuvitetea, maana ulivijenga kabla hujaambiwa. Simamisha kazi. Tafuta risiti za saruji, mchanga na malipo ya fundi wa wakati ule, na kama hazipo muombe fundi akuandikie alichopokea na lini. Na hizo tofali 1,400 kama unaweza zihamishie mahali pengine. Ni mali yako kabisa, hakuna mrithi mwenye hoja nazo.

Wa polisi hajakosea sana, ila amekimbilia mwisho. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, na mtu aliyesema mama ameridhia wakati mama hana habari ana maswali ya kujibu. Lakini kesi ya jinai itamshughulikia yeye, haitakupa wewe kiwanja. Na ukimweka ndani wiki hii, kikao cha Jumapili kitakuwa cha kumtoa ndugu yao, hakitakuwa tena cha kuongea na wewe. Ibaki mfukoni kwanza.

Ninachotaka ufanye ni kuangalia mahesabu, maana hapo ndipo pana njia ambayo hakuna aliyekuonyesha.

Hukuniambia dini yao, lakini kwa jinsi mambo ya maeneo hayo yalivyo nachukulia mfano wa familia ya Kiislamu, wewe utaulizia. Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na watatu wa kike. Ikitolewa deni na gharama za mazishi, mjane anapata moja ya nane. Saba ya nane zinazobaki zinagawanywa mafungu matano: mawili ya mtoto wa kiume, moja moja kwa kila binti. Ukipiga hesabu, mama ana asilimia 12.5, kila binti ana 17.5, na kaka ana asilimia 35. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Asilimia 35 yake ni zaidi ya mita za mraba 1,400. Kipande chako, tukichukulia ni mita 20 kwa 20, ni 400. Vipande vitatu alivyouza kama vinalingana ni 1,200.

Umeona? Alichouza bila mamlaka kinaweza kuenea ndani ya fungu lake mwenyewe. Kama ekari ni moja kweli, kama hakuna madeni makubwa, kama hakuna mrithi mwingine atakayejitokeza miaka yote hii baada ya msiba. Hizo "kama" ni nyingi, lakini ni mlango.

Kuupitia mlango huo kunataka mirathi ifunguliwe. Ukoo ukae, uandike muhtasari, upendekeze msimamizi, na awe ni mtu anayeaminika na wote. Kwa niliyoyasoma ningesikia raha akiwa huyo dada aliyekupigia simu. Apeleke maombi Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo imteue. Akishateuliwa ana miezi minne ya kukusanya mali, kugawa na kurudisha orodha na hesabu mahakamani. Kwenye mgao huo warithi wanaweza kukubaliana kwamba vipande vilivyouzwa vihesabiwe kwenye fungu la kaka yao. Yeye atakuwa ameshakula urithi wake kwa kuuza, dada zake na mama yao wachukue sehemu zilizobaki zikiwa nzima. Hapo unaandikiwa mkataba mpya. Msimamizi anasaini, kaka naye anasaini kwamba fungu lake limetumika hivyo, warithi wote wanakuwa mashahidi, mama asisahaulike, barua ya uteuzi inaambatanishwa, na vipimo viwe kwa mita.

Wanaweza kukuomba nyongeza kidogo ili roho zitulie. Hiyo ni biashara yenu, mimi siizuii. Ila usimpe mtu mmoja mmoja pembeni, huyu laki mbili, yule laki. Ipite kwa msimamizi, kwa maandishi, baada ya kuteuliwa na si kabla. Umeshatoa hela mara moja kwa mtu asiye na mamlaka.

Na wakikataa kabisa? Hawalazimiki kukubali, na msimamizi anaweza kukipanga kipande chako kwenye fungu la mtu mwingine. Basi unaachana na ardhi unafuata fedha. Sheria ya Mikataba inasema makubaliano yakigundulika ni batili, aliyepokea faida kutokana nayo airudishe kwa aliyempa. Unamdai kaka milioni 6 na nusu na gharama za msingi na choo. Atakwambia hana. Muulize mtu asiye na hela kama hana pia asilimia 35 ya ekari: ukipata hukumu, fungu lake la urithi ni mali inayoweza kukaziwa hukumu, yaani kukamatwa ili ulipwe. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo ili uwe salama hesabu toka Januari 2022 na usivuke Januari 2028 ukiwa bado unasubiri simu yake ipokelewe.

Ikiwa wao ndio watakaotangulia kushtaki, usishtuke ukipata wito wa Baraza la Kata. Zamani baraza hilo lilikuwa linaamua kesi. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu. Lina wajumbe kati ya 4 na 8, 3 wakiwa wanawake, na kama siku 30 zikipita bila suluhu ndipo shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wito ukija nenda, wala usimtume dalali akusemee.

Jambo moja la karatasi ambalo watu hulijua wakiwa tayari mbele ya baraza: mkataba ambao haujalipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Peleka TRA, mamlaka ya mapato, ukagongewe. Najua unaona kichekesho kulipia ushuru mkataba ninaokwambia haukupi kiwanja, lakini ndio huo huo utakaothibitisha kwamba ulimpa mtu milioni 6 na nusu. Ile milioni 2 na nusu ya simu nenda kaombe taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu. Ya milioni 4 taslimu mtegemee jirani yako wa kibandani. Mwombe aandike anachokumbuka sasa hivi, kabla hamjagombana kwa jambo lingine.

Uliniuliza kama uende Jumapili. Nenda, mwanangu. Watafute na wale wanunuzi wawili wenzako muende pamoja, mkae mkeka mmoja, maana shida yenu ni moja na familia itaona haraka kwamba kuwafukuza watu watatu ni kesi tatu. Usiende na maneno ya "kiwanja changu". Waambie umekuja kama mtu aliyemwamini kaka yao, na unaomba mirathi ifunguliwe. Msalimie mama yao kwanza kabla ya mtu yeyote, kwa sababu eneo la mume wake ndilo lililouzwa bila yeye kuulizwa. Ukiulizwa utasaini chochote siku hiyo, jibu ni hapana, utaondoka nacho ukakisome. Na beba nakala za mkataba tu. Wa asili uache nyumbani, usimpe mtu, hata akikwambia anaenda kuutoa kopi hapo nje mara moja anarudi.